Tamriel Rebuilt imefika wapi? Gemu ya mashabiki inayojengwa tangu 2001

Mambo vipi wadau, karibuni tena kwenye chaneli. Leo nawaletea kitu ambacho hakiuzwi, hakina matangazo, na mafundi wake hawalipwi hata senti tano. Kinaitwa Tamriel Rebuilt, nyongeza ya mashabiki inayoongeza ardhi ndani ya gemu ya Morrowind. Kama uliwahi kucheza Morrowind, ile ya kampuni ya Bethesda ya mwaka 2002, kaa mkao wa kula. Kama hukuwahi, usiondoke, twende wote taratibu.

Morrowind ni gemu ya kuigiza mhusika. Unashushwa kutoka kwenye meli ya wafungwa, unaunda mtu wako, unachagua jamii yake, ujuzi wake, hadi nyota aliyozaliwa nayo, kisha unaachwa ujitafutie. Mambo yote yanatokea Vvardenfell, kisiwa chenye volkano katikati. Ila kwa mujibu wa hadithi yenyewe, Morrowind ni nchi nzima, na kisiwa hicho kimezungukwa na bara kubwa kuliko chenyewe. Bethesda wakatengeneza kisiwa, bara wakaliacha. Mashabiki wakasema sawa, bara tutalijenga sisi. Hiyo ilikuwa 2001, gemu hata haijatoka. Na mpaka leo hii nyundo bado zinagonga.

Najua unachowaza. Miaka yote hiyo, si kimeo hicho? Ningekubaliana na wewe kama wangekuwa wanatuonyesha picha na ahadi tu. Lakini hawa jamaa wanatoa kazi kwa mikoa. Wanachukua eneo moja, wanalijaza miji, mapango, maduka, watu wa kuongea nao na misheni, wanalikagua, wanalitoa, tunacheza. Kisha wanahamia jirani. Kwa hiyo ukiniuliza imefika asilimia ngapi, nitakwambia swali hilo kwangu halina uzito. Mimi naangalia leo nikiwasha gemu naweza kwenda wapi. Na leo unaweza kwenda mbali sana: Firewatch kaskazini mashariki, Necrom ule mji wa wafu, Old Ebonheart kwenye bandari ya watu wa dola, Almas Thirr kwa mahujaji.

Linganisha na Skyblivion, mashabiki wengine ambao wanaijenga Oblivion, gemu iliyoifuata Morrowind, upya ndani ya injini (programu inayoendesha gemu) ya Skyrim, iliyokuja baada yake. Kazi yao nimeiona kwenye video, ni nzuri kupita kiasi, siwabezi hata kidogo. Lakini wamejifunga: lazima iishe yote ndipo itoke. Walilenga 2025, ikasogezwa 2026, na hapo katikati, Aprili 2025, Bethesda wenyewe wakaibuka na Oblivion Remastered bila kumwambia mtu. Hiyo presha Tamriel Rebuilt hawanayo.

Kuna faida nyingine ambayo watu hawaisemi sana. Wanajenga juu ya gemu ambayo kampuni imeshaacha kuigusa. Mnakumbuka Fallout: London, ile nyongeza ya mashabiki ya gemu ya Bethesda, Fallout 4? Ilipangwa itoke Aprili 2024, Bethesda wakatangaza sasisho la Fallout 4 wiki hiyo hiyo, vijana wakalazimika kusogeza hadi Julai. Morrowind haina hizo. Faili ya mwaka 2003 ni ile ile leo.

Haya, tuje kwenye mzigo mpya. Toleo la Mei 2025 linaitwa Grasping Fortune, na nyota wake ni mji wa Narsis, makao ya ukoo wa Hlaalu. Hlaalu ni wafanyabiashara, na kitu kidogo kwao ni lugha ya kawaida kabisa. Angalia hapa kwenye skrini. Nimefungua menyu ya ushawishi kwa huyu karani: kuna kumsifia, kumtisha, kumchokoza, halafu hongo imepangwa kwa bei, dhahabu 10, 100 au 1000. Nampa 10... anakasirika. Nampa 100... ona namba ya jinsi anavyonipenda inavyopanda, sasa anaongea. Mfumo huu ni wa Morrowind ya zamani, hawakuubuni wao, lakini kwenye misheni za Hlaalu umekaa mahali pake haswa. Mimi hizi misheni nimezipenda kuliko za ukoo huo huo kule kisiwani, kwa sababu hapa siasa ya biashara inachukua nafasi kubwa kuliko upanga.

Mnauliza watu wa kujitolea wanawezaje kuandika mazungumzo yote haya? Jibu ni kwamba Morrowind ni gemu ya kusoma. Watu wanakusalimia kwa sauti, zaidi ya hapo ni maandishi. Hakuna haja ya kutafuta mwigizaji kwa kila mwenye duka. Mwandishi anakaa, anaandika, inaingia. Hata misheni unaelekezwa kwa maneno: fuata barabara kuelekea kusini, vuka daraja, ukiona mawe mawili pinda kushoto. Mshale wa kukuonyesha njia haupo. Ubaya ni kwamba yote hayo ni Kiingereza, na kingi. Kama kusoma kunakuchosha, hii siyo yako, nakwambia mapema nisije nikalaumiwa kwenye komenti.

Na jinsi wanavyopokea wageni ndiyo kitu kilichonivutia zaidi. Ukitaka kujiunga, unatengeneza chumba kimoja cha mfano kwa Construction Set, programu iliyokuja na gemu yenyewe ya kompyuta. Wakongwe wanakuja kukikagua kitu kwa kitu. Kikombe kinaelea juu ya meza bila kuigusa? Rudisha. Kabati limezama ukutani? Rudisha. Ukifaulu, unachukua jengo kwenye orodha ya kazi zilizo wazi, unalipamba ndani, linakaguliwa tena, ndipo linaunganishwa na bara. Kijana wa Kigamboni mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuwa na nyumba yake ndani ya hii gemu. Nimezunguka Narsis nikiinamia meza za watu kutafuta kikombe kinachoelea. Sijapata.

Kasoro zipo. Maeneo ya mashariki yalitengenezwa zamani sana, na tofauti ya umri unaiona kwa macho. Wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana 2022 walirudi kujenga upya eneo la Firewatch. Matokeo ni mazuri, lakini ni nguvu iliyotumika mara mbili wakati upande wa magharibi na kusini kuna ardhi haijaguswa. Ningekuwa mimi, ningesonga mbele kwanza. Halafu mapigano ni yale yale ya Morrowind: upanga unampitia panya katikati ya mwili na gemu inasema umemkosa, kwa sababu chini kwa chini inarusha kete. Ukiwa umechoka, unakosa zaidi. Usikimbie kabla ya kupigana, basi.

Upande wa mashine kuna habari njema. Tumia OpenMW, injini huria iliyoandikwa upya kwa ajili ya Morrowind. Inakubali Windows, Linux, Mac, na lipo toleo la Android pia. Laptop hii ninayotumia haina kadi ya grafiki ya maana, na porini inakwenda laini. Miji mikubwa ndiyo inaumiza, Narsis na Old Ebonheart hasa, hapo punguza umbali wa kuona. Lakini lazima uwe na Morrowind halali pamoja na nyongeza zake mbili, Tribunal na Bloodmoon. Zote zinauzwa kwa pamoja, na zikiwa kwenye punguzo bei inashuka sana.

Kwenye kupakua, mambo ni mawili: Tamriel Rebuilt yenyewe na Tamriel Data. Hiyo ya pili ndiyo inayokula bando, maana imebeba picha na maumbo yote. Ina toleo la kawaida na la HD. Chukua la kawaida, HD waachie wenye Wi-Fi ya ofisini. Ukiwasha ukakuta badala ya nyumba kuna alama kubwa ya mshangao ya njano, usipaniki, ni faili za BSA (zile zilizobeba picha na maumbo) za Tamriel Data hazijasajiliwa kwenye mipangilio. Zisajili, washa tena.

Ukishaingia, usikae sana kijiji cha mwanzo. Panda silt strider, yule mdudu mrefu wa abiria, hadi Vivec, vuka uende Ebonheart (hii ni nyingine, iko upande wa kisiwani), na pale gatini tafuta chombo cha kwenda Old Ebonheart. Hata ukiwa levo ya chini utapata kazi za kukutosha kwenye vyama vya mji ule.

La mwisho: ukisikia toleo jipya limetoka, kabla hujaligusa, nakili folda ya savu, yaani gemu uliyohifadhi, uiweke pembeni. Ardhi huwa inabadilika kati ya toleo na toleo, na mhusika wako anaweza kuamka yuko ndani ya kilima.