Dawa ya mkojo kwa mbwa jike: uzoefu wangu na fenilpropanolamini

Niseme mapema: inafanya kazi. Ila inakudai ratiba.

Tausi ni Labrador jike aliyetolewa kizazi akiwa mdogo. Alipokomaa akaanza kulowanisha godoro usingizini, akiamka ananusa pale alipolala kana kwamba amekojoa mwingine. Hiyo si tabia mbaya, na kumgombeza ni kumwonea bure. Mbwa jike akishatolewa kizazi homoni ya estrojeni hupungua, na kwa baadhi yao misuli inayofunga njia ya mkojo hulegea, hasa mwili unapopumzika.

Tunaishi Uingereza, na huku dawa hii huipati bila cheti cha daktari wa wanyama. Kabla ya kuandika, daktari alipima mkojo kwanza, maana maambukizi, kisukari na figo navyo humfanya mbwa avujishe, na dawa hii haitibu hata kimoja kati ya hivyo. Akampima na presha. Hapo nilielewa sababu baadaye: fenilpropanolamini hukaza misuli ile ya mkojo, lakini hupandisha presha pia. Zamani Wamarekani waliimeza wenyewe kwenye dawa za mafua na za kupunguza uzito, mpaka mwaka 2000 mamlaka yao ya dawa ilipotaka iondolewe kwa sababu ya kiharusi. Kwa hiyo chupa yetu inakaa juu kabisa, mbali na watoto.

Ni dawa ya maji, inapimwa kwa bomba dogo lisilo na sindano kulingana na uzito wa mbwa. Mimi huitia kwenye kijiko kimoja cha chakula, akishalamba chote ndipo namwekea bakuli lake. Ukiichanganya kwenye bakuli zima na mbwa akabakiza nusu, hujui amekunywa kiasi gani. Dozi ikikupita, usimpe mbili kwa mpigo.

Mwanzoni Tausi alihangaika, akazunguka sebuleni usiku na chakula akakisusa. Nilimpigia daktari, akapunguza kipimo, mambo yakatulia na godoro likabaki kavu.

Shida ni mara tatu kwa siku. Asubuhi na usiku si neno, ila ile ya mchana kwa mtu anayefanya kazi nje ni mtihani. Tunamlipa kijana wa jirani aje. Mama yangu kule Moshi nilipomsimulia alicheka: "Mbwa anamaliza dozi, na wewe ukipewa antibayotiki unaziacha njiani!" Na hii haina kumaliza. Ukiacha, mkojo unarudi.

Kuhusu bei, mwombe daktari akuandikie cheti ununue kwenye duka la dawa la mtandaoni lililosajiliwa. Cheti chenyewe hulipiwa, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Kwa chupa ndogo moja huenda usiokoe kitu.

Naipa nyota nne. Kama kwako hakuna mtu mchana, muulize daktari kuhusu vidonge vya estrioli, aina ya estrojeni. Hivyo ni vya majike waliotolewa kizazi tu, huanza mara moja kwa siku na baadaye hupunguzwa. Navyo vina vituko vyake: chuchu zinaweza kuvimba, na madume ya mtaa yakaanza kumfuatafuata.