Paranitrofenoli ya gramu 25: kwa udongo haina neno, kwa vimeng'enya ngoja kwanza

Paranitrofenoli ni kemikali ya kiashiria, yaani hubadilika rangi kulingana na pH (kipimo cha asidi na alkali). Chupa hii ya kahawia hununuliwa Kampala zaidi na maabara za udongo zinazopima fosforasi kwa njia ya Olsen, ambayo huichota kwenye udongo kwa mmumunyo wa bikabonati. Unga wake ni wa manjano iliyopauka. Ukiukuta umegeuka hudhurungi, umepigwa na mwanga muda mrefu, usiuchukue.

Kutengeneza kiashiria cha asilimia 0.25, weka gramu 0.25 kwenye mililita 60 za maji yaliyokenekwa, pasha hadi nyuzi 50, koroga, acha yapoe, kisha jaza hadi mililita 100. Maji ya nyuzi 25 hubeba karibu gramu 15 kwa lita, kwa hiyo nafasi ni tele. Ila maji baridi huyeyusha kwa kujivuta, na fuwele hubaki zimelala chini. Mmumunyo ukitoka na njano kali, laumu chombo: mabaki ya sabuni yamepandisha pH. Rangi huanza kujitokeza kwenye pH 5.6 na hukolea kufikia 7.6.

Kwenye etanoli na asetoni unga huyeyuka upesi sana, na hapo ndipo watu hunaswa. Mtu hutengeneza akiba ya gramu 10 kwa mililita 100 za etanoli, halafu humimina mililita 1 ndani ya 4 za maji. Hiyo ni gramu 20 kwa lita: sindano za fuwele zinaweza kushuka. Mimina kwenye 39, utapata asilimia 0.25 safi. (Spiriti iliyotiwa rangi usiiguse kwa kazi hii.)

Heksani ndiyo hakimu wa usafi. Tikisa unga kidogo na mililita 10: para (paranitrofenoli yenyewe) haiyeyuki kwa kiasi cha maana kwa sababu molekuli zake zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Otho, yaani ndugu yake mwenye atomu zile zile zilizopangwa tofauti, ambayo kifungo chake cha haidrojeni kimejifungia ndani ya molekuli moja, huyeyuka na kuitia heksani njano. Heksani niliyotikisa na unga wa chupa hii ilibakia na njano hafifu, dalili ya otho kidogo. Kwa kiashiria si kitu. Kwa kiwango cha kulinganishia unapopima kimeng'enya cha fosfatasi kwa mwanga wa nanomita 405, ifuwelishe upya kwanza kwa maji ya moto.

Kwenye Olsen, tone moja la kiashiria hufanya dondoo (maji yaliyochujwa kutoka kwenye udongo) kuwa njano. Ongeza asidi ya salfuriki tone kwa tone mpaka rangi ipotee. Ukiharakisha, povu la kabonidayoksaidi linafurika na sampuli imekwenda.

Kasoro kubwa ni lebo: haitaji glavu, wakati kitu hiki hupenya ngozi na kuharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni.