Cha kuzibia matundu ya mabomba ukutani: ununue kipi?

Fundi akishapitisha bomba la maji au la AC ukutani, mara nyingi huacha uwazi pembeni. Hapa Tanga uwazi huo ndio njia ya panya, mende na maji ya masika. Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6, kwa hiyo hata lile linaloingia penseli lizibe.

Kwa tundu pana, namba moja kwangu ni saruji na mchanga, moja kwa tatu, juu ya stiliwaya iliyoshindiliwa ndani. Saruji ya Simba inatengenezwa hapa hapa Pongwe. Tafuta duka linalopima kwa kilo usilazimike kununua mfuko mzima. Stiliwaya iwe ile isiyoshika kutu. Ya kawaida, kwa upepo huu wa bahari, itaoza na kuchuruzisha michirizi ya kahawia ukutani. Toa vumbi, lowanisha tundu, ndipo uzibe. Kama nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, ziba kwa chokaa. Saruji hufungia unyevu ndani ya ukuta.

Namba mbili ni silikoni, kwa nyufa nyembamba. Bomba la plastiki hutanuka juani na kusinyaa usiku, na saruji inayolizunguka hupasuka. Mstari wa silikoni hapo huvutika pamoja na bomba. Lakini soma kopo kabla ya kulipa: silikoni inayonuka siki ina asidi, inakula shaba ya bomba la AC na haishiki vizuri kwenye saruji. Omba isiyo na asidi, na uangalie tarehe ya mwisho.

Povu la kupuliza naliweka mwisho, ingawa ndilo rahisi kutumia. Panya hulitafuna, jua hulifanya njano kisha linapukutika. Likitumika, lijaze ndani tu na juu yake pigwe lipu.

Tundu la hewa usilizibe kabisa, hasa jikoni. Moshi wa mkaa una sumu isiyo na harufu, na gesi ya mtungi ikivuja hutuama chini, kwa hiyo tundu la chini lina kazi sawa na la juu. Nunua wavu wa chuma uliopakwa zinki, wenye macho yasiyofika milimita 6, na nyuma yake wavu wa mbu. Ufunge kwa skrubu, maana wavu wa mbu huziba kwa vumbi na lazima utolewe kuoshwa.