Softiboli ya chuo Marekani: Divisheni ya Kwanza au ya Tatu?

Tuanze na pesa. Divisheni ya Kwanza ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iliruhusu kwa miaka mingi ufadhili kamili 12 kwa timu, na makocha waliugawa vipande vipande kwa wachezaji. Tangu 2025, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya wa kugawana mapato na wachezaji vinaweza kufadhili wachezaji wote 25. Chuo Kikuu cha Oklahoma, chini ya kocha Patty Gasso, ilizindua uwanja wa zaidi ya dola milioni 40 mwaka 2024. Divisheni ya Tatu? Hakuna hata senti ya ufadhili wa michezo, na kocha mara nyingi ana kazi nyingine chuoni.

Kimasomo, timu ya Divisheni ya Kwanza ikishuka chini ya alama 930 kati ya 1,000 za maendeleo ya masomo ya wachezaji wake (APR) hukosa mashindano ya ubingwa. Anayesomea udaktari, ningemshauri ya Tatu.