Forester turbo ya Unguja kwenye mstari wa mita 402: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: intakula kubwa (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) na kutyuniwa, yaani kurekebishwa, kwa kompyuta ya gari vimenirudishia pesa yangu yote. Bomba la moshi la inchi 3 limerudisha nusu. Valvu ya kupumulia, ile inayopiga kelele kila dereva akiachia mafuta, haikurudisha hata shilingi. Kwa jumla natoa alama nne kwa tano, na hiyo moja iliyopungua nitaieleza.

Gari ni Subaru Forester SG5 XT, injini ya EJ20 ya lita 2, turbo ndogo ya TD04 (feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), gia otomatiki za hatua nne. Kiwandani Japani lilitoka na nguvu za farasi 220. Ndilo linalopeleka watoto skuli, ndilo linalobeba magunia ya nazi kutoka shamba, na ndilo nililolivusha Bara kwenda kukimbia mita 402, yaani mbio za robo maili kwenye mstari ulionyooka. Nayasema haya mapema kwa sababu ushauri mwingi wa turbo unaozunguka hapa Unguja unatoka kwa watu wenye gari la pili la kuendea kazini. Mimi sina. Likifa hili, napanda daladala.

Vijana wa gereji Mwanakwerekwe walicheka waliposikia. "Yakhe, mbio kwa otomatiki?" Acha wacheke, tutafika huko.

Kwanza petroli, maana hapo ndipo wengi wanapoibiwa nguvu bila kujua. Magari haya ya turbo ya soko la Japani yalitengenezwa kunywa haioku, petroli yao ya oktani 98 hadi 100. Pampu zetu hazina kitu hicho. Ukitia oktani ya chini, injini huanza kugonga (petroli inajilipukia yenyewe ndani), sensa inasikia, na kompyuta inachelewesha cheche ili kuiokoa. Kwa hiyo unaendesha gari lenye farasi 220 kwenye karatasi tu, na hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi kukuambia. Mtu anasema "Subaru yangu imechoka", anabadilisha plagi, anabadilisha eakilina, anabadilisha fundi. Gari halijachoka. Linajilinda.

Kutyuni kulianzia hapo. Fundi wa kompyuta alikuja na laptopu na waya wake, akachomeka kwenye soketi iliyo chini ya usukani, akaandika ramani mpya ya petroli na cheche kwa mafuta tunayoyapata hapa. Busti, yaani shinikizo la turbo, aliiacha kwenye bar 1.1. Nilimwomba aongeze, akakataa. "Kaka, TD04 hii ndogo. Ukiisukuma zaidi inakupa joto, haikupi upepo." Ana haki. Turbo hii inaamka mapema, gari la mjini linalipenda hilo, lakini kwenye mizunguko ya juu pumzi inakwisha. Anayetaka farasi 300 abadilishe turbo, injekta na pampu ya mafuta, kisha ajiandae kubadilisha giaboksi.

Ramani ya mwisho hatukuimaliza kisiwani. Ili kuandika takwimu za injini ikiwa imekanyagwa hadi chini unahitaji mahali pa wazi palipofungwa, na barabara ya Tunguu usiku si mahali hapo, hata kama kuna wanaoifanya hivyo. Ile ya kwanza ilikuwa ya tahadhari, nyingine tukaimalizia Bara kwenye mstari wenyewe.

Sasa intakula. Kwenye Forester imekaa juu ya injini, chini ya lile pua la boneti. Gari likienda, upepo unaingia puani na kuipoza. Gari likisimama, moto wote wa injini unapanda na kuingia humo humo. Foleni ya Darajani saa saba mchana inatosha kuichemsha. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 10 inapungua uzito kwa asilimia 3 hivi, na hewa nyepesi ni nguvu iliyopotea, mbali na kwamba injini yenyewe inakaribia zaidi kugonga.

Jambo ambalo sikulijua kabla: sensa ya joto ya kiwandani kwenye gari hili ipo kwenye kipimo cha hewa, kabla ya turbo. Inapima hewa ya Zanzibar, si hewa inayoingia injini. Ndiyo maana mtu anaweza kukuonesha namba nzuri kwenye simu yake na gari likawa linaungua. Fundi wangu wa Fuoni alitoboa na kufunga sensa ya pili baada ya intakula. Kwa ile ya kiwandani, baada ya foleni, nilikuwa naona nyuzi 75. Kwa kubwa mpya, foleni ile ile, inapanda pia, usidanganywe na wauzaji, lakini gari likianza kwenda inashuka upesi na kutulia karibu na 45. Ya zamani ilihitaji kutoka mjini kabisa ndipo ipoe.

Kwa nini sikuweka ya mbele, kama wanavyofanya wengi? Kwa sababu ya mbele inakaa mbele ya rejeta na kuinyima upepo, na kwa kaskazi ya kwetu rejeta haina upepo wa kugawa. Mabomba nayo yanakuwa marefu na turbo inachelewa kuitika. Anayeishi kwenye baridi achague atakavyo.

Valvu ya kupumulia niliipata pamoja na vitu vingine. Gari hili linapima hewa mlangoni, likajua imeingia kiasi gani, likatia petroli ya kiasi hicho. Ukiachia mafuta, valvu ya kiwandani inairudisha hewa ya ziada ndani ya mfumo. Hii ya kelele inaimwaga nje. Kompyuta inaendelea kutia petroli ya hewa ambayo haipo tena, moshi mweusi kidogo, gari linajikwaa kati ya gia. Tuliivua siku ya pili. Bomba la moshi limesaidia kweli, turbo inaamka mapema kidogo, ila lina mvumo kwenye mwendo wa kilomita 80 ambao mke wangu anautatua kwa kupandisha sauti ya redio.

Kuvuka: gari lilikwenda kwa meli ya magari kutoka Malindi. Kama namba zako ni za Z, ulizia karatasi mapema, usingoje siku ya safari. Na ukirudi, osha chini ya gari na boneti ndani. Intakula ni aluminiamu, klipu na boliti ni chuma, na chumvi ya bahari inawagombanisha.

Mstari wenyewe ni kiwanja binafsi, lami nzuri, taa za kuanzia na mashine ya muda. Huduma ndiyo iliyopunguza ile alama moja. Kivuli hakuna, foleni ndefu kwenye jua, na ratiba ilibadilika bila mtu kuambiwa. Ukaguzi, kwa upande mwingine, ulikuwa wa haki: mkanda, betri iliyofungwa imara, hakuna kinachovuja, kofia ngumu kwa kila dereva. Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani, kofia ni lazima kuanzia sekunde 13.99 kushuka chini, hapa walitaka kwa wote na sikuona wa kulalamika.

Kuna wanaodhani muda unaanza taa ya kijani ikiwaka. Hapana. Unaanza tairi la mbele linapotoka kwenye mwali wa taa pale mstarini. Ukizubaa sekunde nzima unaweza kushindwa na jirani, lakini karatasi yako ya muda itabaki safi. Ndiyo sababu pia vipimo vya GPS vya kubandika kwenye kioo vinatofautiana na karatasi: mashine ya mstari inakuachia karibu sentimita 30 za bure kabla ya saa kuanza, na kwa gari la kawaida hizo zinaweza kuwa sehemu kama tatu za kumi za sekunde. Vifaa vizuri vina mahali pa kuchagua hilo. Rafiki akikwambia simu yake imempa muda fulani, muulize kwanza alichagua kipi.

Namba zangu. Mkimbio wa kwanza sekunde 15.6, mwendo wa kilomita 146 kwa saa mwishoni. Halafu nikapanga foleni juani, injini inanguruma, kiyoyozi kimewashwa maana mimi pia ni binadamu. Sensa ikapanda hadi 70. Mkimbio huo: 15.9. Gari lile lile, dereva yule yule.

Baada ya hapo tulifanya kama wanavyofanya wazoefu. Injini inazimwa foleni ikisimama, boneti wazi, gari linasukumwa kwa mkono, mfuko wa barafu umelazwa juu ya intakula na kuondolewa kabla ya kuingia mstarini. Kilo 1,400 na kitu kuzisukuma kwenye jua si mchezo, na wapwa zangu wawili waliokuja kutazama mbio waligundua wamekuja kufanya kazi. Muda ulishuka hadi 15.1, kilomita 149.

Si barafu peke yake. Nusu ya hiyo ilitokana na kuondoka, na hapa otomatiki inajibu kicheko cha Mwanakwerekwe. Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia unapandisha mafuta mpaka mizunguko 2,300 hivi, turbo inaanza kujaza, unaachia breki. Magurudumu yote manne yanakamata, hakuna moshi, hakuna maonesho. Mita 18 za kwanza zilitoka sekunde 2.4 hadi 2.15, na sehemu ya kumi ya sekunde utakayoipata pale huwa inakua kubwa zaidi ukifika mwisho. Usishikilie breki zaidi ya sekunde mbili tatu, oili ya giaboksi inachemka. Yangu niliibadilisha kabla ya safari. Kijana mmoja mwenye gari la gia za mkono, lenye nguvu kuliko langu, alinusa klachi yake mchana kutwa na karatasi zake hazikuwa nzuri kuliko zangu.

Na lile dimbwi la maji wanalolowanishia tairi, lizunguke. Ni la magari ya kusukuma kwa nyuma yenye tairi za mbio. Ukipita na tairi za barabarani, maji yanabaki kwenye mifereji na unaondoka kwenye utelezi ulioubeba mwenyewe.

Kuna mambo mawili ya Subaru ambayo yanafaa hata kwa asiyekwenda mbio. Tairi zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawasawa, kwa sababu zikitofautiana mzingo, mfumo wa kugawa nguvu mbele na nyuma unafanya kazi bila kupumzika mpaka ufe. Hapa mjini naona Forester nyingi zenye tairi tatu za ukoo mmoja na ya nne mgeni. La pili ni oili. Injini nyingi za EJ zenye turbo zina kichujio kidogo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili juu ya turbo. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, kinaziba, turbo inakauka, na utaambiwa turbo za Subaru ni mbovu. Changu kilikuwa kimeziba karibu nusu. Kukisafisha ni kazi ya asubuhi moja, kununua turbo ni kazi ya mwaka.

Gharama sitazitaja moja moja, zinategemea unanunua mpya au iliyotumika na mzigo unakuja na nani. Kwa kulinganisha tu, intakula iliyotumika, sensa ya ziada na kutyuni, vyote pamoja, vilikuja chini ya seti ya rimu za inchi 18 na tairi zake. Kwa mafuta, ukiendesha kwa adabu matumizi hayajaongezeka. Ukiendesha kwa kukanyaga, hilo ni lako na pampu.

Mbio nilikwenda wakati wa kipupwe, kwa makusudi. Kaskazi ikiingia nitaitazama sensa kwa safari za kawaida za mjini. Ikikaa juu ya nyuzi 60 hata gari likiwa linakwenda, nitafunga kinyunyizio kidogo cha maji juu ya intakula, kile kinachotumia pampu ya kuoshea kioo, na nitarudi hapa kusema kama kinafaa.