Nilivyomfundisha mume wangu Civilization VI kwa laptopu moja: uzoefu wangu

Mume wangu ni dereva wa semi. Anapakia Dar es Salaam, anashusha Zambia au Kongo, na kwa mwezi namwona siku sita au saba, zikizidi sana nane. Siku hizo zilikuwa zinaishia kwenye simu: yeye anaangalia mpira, mimi namalizia kazi za wateja wa steshenari yangu pale Kabwe, Mbeya. Mwezi wa saba mwaka jana, Mbeya ikiwa na ile baridi ya kula ukiwa umejifunika blanketi, nikamwambia, "Baba Tumaini, njoo nikufundishe gemu langu la chuoni."

Gemu lenyewe ni Sid Meier's Civilization VI, na hapa nalipima kwa kipimo kimoja tu: linafaa kiasi gani kumfundishia mwenzi wako ambaye hajawahi kugusa gemu la mkakati maishani. Nalipa nyota nne kati ya tano. Ile moja iliyobaki nitaieleza.

Kwa wasiolijua: Civilization la kwanza lilitoka 1991, hili la sita lilitoka Oktoba 2016, na la saba limetoka Februari 2025. Mimi nimebaki na la sita pamoja na nyongeza yake iitwayo Gathering Storm ya 2019, kwa sababu nililinunua wakati wa punguzo kubwa na kwa sababu laptopu yangu inalimudu. Unaanza mwaka 4000 kabla ya Kristo na kundi moja la wahamiaji na askari mmoja wa rungu. Unajenga mji, unaongeza mwingine, unagundua kuandika, gurudumu, bunduki, mpaka roketi. Ramani imegawanywa vigae vya pembe sita. Mnacheza kwa zamu: ukimaliza yako, mwingine anafanya yake.

Hilo neno zamu ndilo lililonifanya nichague gemu hili. Magemu ya mkakati ambayo kila kitu kinakwenda kwa wakati mmoja ni matamu, lakini kwa mtu mgeni ni mateso. Ukiwa bado unatafuta kitufe cha kujenga nyumba, adui ameshaingia uani. Kwenye Civilization hakuna anayekukimbiza. Unaweza kukaa dakika kumi ukiangalia kigae kimoja, ukanyanyuka kwenda kugeuza maharage jikoni, ukarudi ukakuta dunia yako imekusubiri. Umeme ukikatika, na sisi huku tunaujua, gemu hujihifadhi lenyewe kadiri zamu zinavyokwenda, hivyo mnapoteza kidogo sana. Kingine, lina utaratibu wa watu wawili kuchezea kompyuta moja. Mmoja akimaliza zamu, skrini inafunika mambo yake na kumwita mwenzake kwa jina. Kwa nyumba yenye laptopu moja, kipengele hicho peke yake kilitosha kunifanya nilipe.

Sasa nieleze nilivyoharibu mwanzo, maana nadhani wengi mtaharibu hapo hapo.

Usiku wa kwanza nilimpa somo. Nilimweleza chakula, uzalishaji, sayansi, utamaduni, imani, dhahabu, wilaya, maajabu, wajumbe. Nilizungumza karibu saa nzima kabla hajabofya kitu. Alikuwa ananitazama kwa upendo kabisa, lakini macho yalishafunga. Usiku wa pili nikasema basi, tuongoze taifa moja pamoja. Kila alipopeleka mausi mahali nisipopataka, mkono wangu ulikuwa unaenda wenyewe juu ya mkono wake. "Siyo hapo. Ngoja. Hapa." Baada ya zamu kama thelathini akaiachia mausi, akakunja mikono. Akasema taratibu, "Mama Tumaini, hili unaliendesha wewe. Mimi hapa tandiboi."

Tandiboi ni msaidizi wa dereva wa lori. Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Ila hakuishia hapo. Akaanza kunisimulia alivyojifunza kuendesha, jambo ambalo katika miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumuuliza. Kwamba alikuwa tandiboi wa mzee mmoja wa Makambako kwa miaka miwili, amekaa kiti cha kushoto, anafunga turubai, anaweka kabari chini ya matairi. Siku mzee alipompa usukani, ilikuwa ndani ya yadi tupu, na kazi ilikuwa moja: rudisha nyuma trela mpaka lifike kwenye lile pipa. Wiki nzima ilikuwa hiyo tu. Mzee alikaa pembeni amefumbata mikono. Hakugusa usukani hata mara moja, hata siku trela lilipopinda vibaya. Alimwambia tu, "Sasa litoe mwenyewe."

Nikafuta lile gemu la pamoja. Usiku wa tatu tulianza upya, wawili kwa zamu, kila mtu na taifa lake, tukakubaliana kutopigana. Na mimi nilihama kiti, nikakaa upande wa pili wa meza, ambako mkono wangu hauifikii mausi. Kila usiku kulikuwa na pipa moja: leo tafuta mahali pazuri pa kujenga mji, kesho mafundi wako walime na kuchimba. Yasiyohusika na pipa la siku hiyo nilimwambia abofye chochote anachopendekezewa, tutayafikia.

Hapo ndipo gemu lenyewe lilipoanza kunisaidia kufundisha. Kuna kitu kinaitwa Eureka: ukifanya jambo kwa vitendo, ugunduzi unaohusiana nalo unapungua gharama kwa asilimia 40. Ua adui kwa askari wa kombeo, upinde unakuja haraka. Jenga mji pwani, usafiri wa majini unakuja haraka. Kwa mgeni hii ni bora kuliko kitabu cha maelekezo, kwa sababu kila elimu imeshikizwa kwenye kitendo anachokiona. Alianza kuniuliza mwenyewe, "Hili gurudumu linataka nini?" Linataka uchimbe madini. Akaenda kuchimba.

Mambo mengine aliyaelewa kunizidi. Skauti wa majambazi (gemu linawaita washenzi, sisi nyumbani tunawaita majambazi) huzungukazunguka, akiuona mji wako alama nyekundu ya mshangao inatokea juu ya kichwa chake, kisha anakimbia kurudi kambini kuita wenzake. Mimi chuoni ilinichukua magemu mengi kuligundua hilo. Yeye alimtazama mara moja, akasema, "Huyu ametumwa kuangalia turubai," maana kwenye milima ambako lori linapanda kwa mwendo wa miguu, wezi wa mzigo nao hutanguliza mtu wa kuchungulia kwanza. Akamfuata yule skauti akamuua kabla hajafika kambini. Ndiyo mbinu sahihi kabisa.

Na udongo. Kwenye Gathering Storm volkano hulipuka, huharibu mashamba, lakini huacha udongo wenye rutuba. Nilimwonya asijenge karibu. Akacheka, akasema kwao Tukuyu watu wanakula migomba na chai ya udongo wa volkano ya Rungwe, yeye atawezaje kuuogopa? Akajenga. Mara moja mlima ulimchomea mashamba mawili, na baada ya hapo mji ule ukawa na watu wengi kuliko mji wangu wowote.

Ugomvi wake mkubwa na gemu ulikuwa milima. Huwezi kupita mlimani mpaka baadaye sana, utakapopata wahandisi wa jeshi wa kuchimba handaki. "Mlima Kitonga kule Iringa tunashuka na tani thelathini," alisema, "halafu hawa na miguu yao mitupu wanashindwa?" Sikuwa na jibu. Nilimwonyesha tu kwamba mlima usiopitika una faida nyingine: ukijenga wilaya ya elimu (eneo maalumu la mji) pembeni yake, kila mlima unaogusana nayo unaongeza sayansi. Akajenga ya kwake katikati ya milima mitatu, akaiita Iyunga, jina la shule ya sekondari hapa Mbeya.

Lakini kilichomkamata hasa ni barabara. Katika toleo hili la sita huna haja ya kuajiri fundi wa barabara. Barabara inatokana na mfanyabiashara: unamtuma kutoka mji wako kwenda mji mwingine, na kila anapokanyaga nchi kavu anaacha barabara nyuma yake. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, akanywa chai, kisha akasema, "Ndivyo ilivyo." Tangu siku hiyo sikuwa na haja ya kumbembeleza acheze. Alikuwa amechagua taifa la Mali, la Mansa Musa, kwa sababu aliwahi kusikia redioni habari za yule mfalme aliyekwenda kuhiji Makka 1324 akiwa na dhahabu isiyohesabika. Mimi nisingemshauri mgeni achukue Mali. Migodi yao inaongeza dhahabu 4 kila mmoja lakini uzalishaji wake unapungua, na uzalishaji wa kujenga majengo au kufundisha askari unakatwa asilimia 30. Mgeni huona kila kitu kimeganda. Yeye baada ya siku mbili za kulalamika akagundua kwamba vitu vingi vinaweza kununuliwa. "Kama pesa ipo, kwa nini nimsubiri fundi?" Na ndiyo namna Mali inavyotakiwa kuchezwa. Sikumfundisha mimi.

Kwenye ramani yetu, pwani, kulikuwa na Zanzibar. Ndani ya gemu ni mji huru wa biashara, na ukiwa na wajumbe wengi kuliko wenzako, wasiopungua watatu, unapata karafuu na mdalasini wake, bidhaa ambazo huzipati kwingine kokote na zinaridhisha raia kuliko anasa nyingine. Zanzibar ikaomba mtu afungue nayo njia ya biashara. Akatuma msafara kutoka Niani, mji wake mkuu. Siku mbili baadaye akaondoka kweli, na kutoka kwenye foleni ya mpakani Tunduma akanipigia simu. Nilidhani anauliza habari za mtoto. Aliuliza, lakini baadaye. Swali la kwanza lilikuwa, "Wale jamaa zangu wamefika Zanzibar?" Nikamwambia hawawezi kufika bila yeye, zamu ni yake. Akafurahi sana kusikia kwamba wanamsubiri.

Msafara wake wa pili uliporwa na majambazi njiani. Alisikitika kama mtu aliyeibiwa kweli. Akaninyang'anya chai yangu, akainywa yote, kisha akaanza kupanga askari mmoja mmoja kando ya njia kama vituo vya ukaguzi.

Sasa ile nyota moja. Kwanza ni lugha. Gemu lina lugha nyingi za dunia na Kiswahili hakimo, pamoja na kwamba ndani yake kuna mlima Kilimanjaro, kuna Zanzibar, na kuna Kilwa Kisiwani kama moja ya maajabu unayoweza kujenga. Kilwa yenyewe! Inanigusa vibaya kuona mji wa Waswahili umo, na maneno ya Waswahili hayamo. Mume wangu Kiingereza chake ni cha mpakani, kinatosha kwa karatasi za forodha. Kwa hiyo mwanzoni mwalimu lazima awe mkalimani, na kuna misamiati niliyolazimika kuitunga. Jiandaeni kwa hilo, na msimwachie mwenzi wako mafunzo ya ndani ya gemu peke yake. Maandishi ni mengi mno.

Pili ni urefu. Mwendo wa kawaida una zamu 500. Chagueni mwendo wa haraka uitwao Online, wenye zamu 250, na ramani ndogo. Kuanzia katikati, miji inakuwa mingi na kila zamu inachukua muda mrefu. Hapo ndipo mgeni huchoka. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na nayo huanza kuhema. Tulihamia kwenye mwonekano wa ramani bapa, ambao ni mwepesi kwa mashine na, kusema kweli, unasomeka vizuri zaidi kwa anayeanza. Wapinzani wa kompyuta tuliwaweka daraja la chini kabisa. Kuna madaraja manane, na hakuna aibu yoyote kuanzia la kwanza.

Kama mwenzi wako anapenda mapigano ya haraka, au nyinyi wawili hamwezi kukaa saa mbili mezani, msinunue. Kama mnaishi kama sisi, mmoja akiwa njiani na mwingine nyumbani, nunueni mkisikia punguzo.

Ninapoandika, tupo zamu ya 163. Ana miji saba, mimi sita. Jana nilicheza zamu yangu, nikabofya kumaliza, na skrini ikafunga mambo yangu na kuandika jina lake. Yuko Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, karatasi hazijatoka. Laptopu nimeiacha hivyo hivyo mezani, nimeifunika kitambaa kwa ajili ya vumbi.