Muuzaji mchangamfu au mkimya, unanunua kwa nani?

Nenda soko la Mwanjelwa asubuhi mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ile ya mikono mfukoni, utakuta wauza viazi wawili wamepakana. Mmoja anakuita toka mbali, karibu dada angu, watoto hawajambo? Mwingine kajifunika kitenge mpaka masikioni, ukiuliza bei anakutajia basi. Wengi tunaenda kwa wa kwanza na ukituuliza tunasema ana viazi vizuri, wakati hata hatujavishika!

Mwanasaikolojia Solomon Asch alilionyesha hili 1946 kule Marekani, aliwasomea watu sifa za mtu mmoja wasiyemjua, orodha ileile ila kundi moja wakasikia ni mchangamfu na lingine ni mtu baridi, asiyechangamka, basi yule mchangamfu akaonekana mpaka mkarimu na mcheshi, vitu ambavyo havikuwemo kabisa kwenye orodha.

Sasa tuangalie sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Ya mchangamfu vikubwa viko juu vimepangwa kama maua, huko chini utajijua nyumbani. Mkimya anamimina yote kwenye mfuko unaona, anaongeza viwili vitatu, haongei. Watu wanasema anaringa, mi naona ni baridi tu na kuamka saa kumi.

Kwa viazi mi ni wa mkimya. Ila kama we mgeni sokoni na bei huzijui anza kwa mwenye maneno, huyo ukimpa stori kidogo anakutajia mpaka bei ya jirani.